Mkono Unaotangulia Mashine

Wafugaji wa Oldonyiro wanaijua damu. Kiangazi kikikaza na maziwa yakapungua, Wasamburu na Waturkana wa upande huu wa magharibi wa kaunti ya Isiolo wamezoea tangu zamani kumtoa ng'ombe damu bila kumchinja. Mnyama hushikwa, shingo hufungwa kamba mpaka mshipa utune, kisha mshale wenye kizuizi karibu na ncha, usije ukazama kupita kiasi, hupigwa mahali pamoja tu. Damu hukingwa kwa kibuyu, kamba hulegezwa, jeraha huziba. Aliyeshika kibuyu haiachi damu itulie. Huikoroga kwa kijiti mpaka nyuzinyuzi za kugandisha zinase kwenye kijiti hicho, na inayobaki haigandi tena. Mtu huyo, hata kama hajaingia darasani, anajua mambo matatu: mshipa hujaa ukizuiwa, jeraha lina kipimo chake, na damu ikishatoka mwilini huanza kubadilika papo hapo.

Mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya anaanzia kwenye mambo hayo hayo, ila lengo lake ni jingine. Yeye anataka damu itoe ushahidi. Damu iliyomo mrijani inatakiwa ieleze hali ya mwili kama ilivyokuwa dakika ile ilipotoka, si kama ilivyogeuka baadaye juu ya meza, juani au kwenye pikipiki. Ukiitazama kazi yake bila haraka, utaona kwamba karibu yote ni ya kuulinda ushahidi huo.

Watu wengi hudhani majibu ya maabara huharibiwa na mashine. Mwaka 1997, Mario Plebani na Paolo Carraro, wataalamu wa maabara huko Padova, Italia, walichapisha hesabu waliyoifanya kwa vipimo 40,490 vya hospitali. Walikuta makosa 189, na asilimia 68.2 ya makosa hayo yalitokea kabla damu haijafika kwenye mashine. Walirudia hesabu hiyo miaka 10 baadaye, na sehemu hiyo ya mwanzo bado ilibeba asilimia 61.9. Kosa lilikuwa katika kutoa, kujaza, kuandika jina na kusafirisha, yaani katika kazi ya mkono.

Padova sampuli ikiharibika, mgonjwa huitwa tena. Oldonyiro jambo hilo ni zito zaidi. Mama ametoka kwenye manyata ya mbali, amembeba mtoto, amekatiza laga, yaani mto wa mchanga, kwa miguu na kumwachia jirani mbuzi. Ukimwambia arudi wiki ijayo, huenda wiki ijayo mifugo imehamia kwenye malisho mengine na yeye ameifuata. Vipimo visivyofanyika hapa husafirishwa kupitia Kipsing hadi mjini Isiolo, na mvua ikinyesha mito ya mchanga hujaa na njia hukatika. Kwa hiyo damu inayotolewa leo huenda ikawa ndiyo pekee itakayopatikana. Mtaalamu anayelijua hilo hufanya kazi yake kama mtu asiyepewa nafasi ya pili.

Kazi huanza kabla ya sindano kuguswa. Mtaalamu huchukua fomu ya daktari, huisoma hadi mwisho, kisha humwelekea mgonjwa. Hamuulizi, "Wewe ndiye fulani?" Mtu mwenye homa, au mwenye kumheshimu mno mvaa koti jeupe, ataitikia jina lolote atakalotajiwa. Humwambia, "Mama, nitajie majina yako," kisha hungoja. Mahali ambapo majina mengi ya ukoo huanza kwa Le, na ndugu wawili wanaweza kufika asubuhi moja, jina moja halitoshi. Huuliza la pili: nambari ya kitambulisho, nambari ya kadi ya kliniki, au anakoishi. Tarehe ya kuzaliwa haimsaidii sana kwa mzee anayelijua rika lake vizuri kuliko mwaka aliozaliwa.

Kisha huja maswali ambayo mgonjwa huyaona ya mazungumzo tu.

"Mama, umekunywa chochote asubuhi?"

"Chai tu, daktari."

"Ya sukari?"

"Kwani kuna chai nyingine?"

Wote wawili hucheka, lakini jibu limeshaandikwa kwenye fomu. Sukari ya chai hiyo itaonekana kwenye kipimo cha sukari, na mlo wa mafuta mengi huyatia ukungu majimaji ya damu hata vipimo vingine visisomeke sawasawa. Dawa alizomeza nazo huandikwa, za hospitali na za mitishamba. Halafu mgonjwa huketishwa kivulini apumzike kwa muda wa robo saa. Aliyetembea kwenye jua amepoteza maji, na misuli yake imekuwa kazini. Damu yake ikitolewa akiwa bado anahema, protini zitaonekana nyingi na potasiamu nayo itapanda, na daktari atadhani ni ugonjwa kumbe ni safari. Robo saa hiyo haimgharimu mtu shilingi, lakini foleni ikiwa ndefu ndiyo huwa ya kwanza kukatwa. Fundi mzuri utamjua kwa kuwa haikati.

Mkono wa mgonjwa huwekwa juu ya meza, kiwiko kimenyooka. Mtaalamu huosha mikono, huvaa glavu, hufunga mpira juu ya kikunjo cha kiwiko, kiasi cha vidole vinne au vitano. Kuanzia hapo anahesabu moyoni. Mpira hautakiwi kukaa zaidi ya dakika moja. Ukikaa zaidi, maji ya damu hupenya nje ya mshipa, na vitu vizito vinavyobaki, zikiwemo protini na chembe, huonekana vingi kuliko vilivyo. Mgonjwa akianza kukunja na kukunjua ngumi kwa nguvu, kama wengi walivyozoea, humzuia kwa upole: "Shika tu mzee, usibane." Misuli inayobanwa humwaga potasiamu kwenye damu ya mkono ule ule.

Hatafuti mshipa kwa macho, bali kwa ncha ya kidole cha shahada. Mshipa mzuri hudunda polepole ukibonyezwa na kurudi juu. Ulio mgumu kama uzi huachwa, na unaopigapiga ni ateri, nao pia huachwa. Akishaupata, na kama dakika imekaribia, hulegeza mpira, husafisha ngozi kwa spiriti ya asilimia 70 kwa nusu dakika, na huiacha ikauke nusu dakika nyingine. Haipulizi wala haipepei, na baada ya hapo hapagusi tena kwa kidole. Spiriti inayokauka ndiyo inayoua vijidudu. Ikiwa bado mbichi humwasha mgonjwa, na ikiingia na sindano huweza kupasua chembe. Katika nusu dakika hiyo hana la kufanya isipokuwa kutazama ngozi ikikauka, naye huitazama.

Mpira hurudishwa. Kidole gumba cha mkono wa kushoto huvuta ngozi chini kidogo ya mshipa ili usikimbie. Sindano huingia mdomo wake wa mshazari ukitazama juu, kwa pembe isiyozidi nyuzi 30, kwa mwendo mmoja. Damu inapoonekana, mkono wa kulia hautikisiki tena. Mpira hufunguliwa mara damu inapoanza kutiririka vizuri. Kama anatumia bomba la sindano, huvuta taratibu, kwa sababu kuvuta kwa pupa huzipasua chembe nyekundu kwenye tundu jembamba. Kama anatumia mirija yenye ombwe, huiacha ivute yenyewe mpaka itakapokoma. Haongezi wala hapunguzi.

Mirija hiyo imepangwa kwa rangi za vifuniko, na mpangilio huo una sababu. Wa buluu una sitrati, dawa ya kuzuia kuganda kwa ajili ya vipimo vya kuganda vyenyewe. Wenye kifuniko chekundu, ule wa kawaida, ni wa kupata seramu. Wa zambarau una EDTA, kwa ajili ya kuhesabu chembe na kupima wingi wa damu. Wa kijivu una floridi, kwa ajili ya sukari. Damu huingizwa kwa utaratibu huo huo: buluu, nyekundu, zambarau, kijivu. Dawa ya EDTA imetengenezwa kwa chumvi ya potasiamu, nayo huzuia damu isigande kwa kuikamata kalisiamu yote. Tone dogo la dawa hiyo likibebwa na sindano kutoka mrija wa zambarau hadi mwekundu, majibu yataonyesha potasiamu iliyopanda sana na kalisiamu iliyoshuka sana. Daktari atakayeisoma karatasi hiyo atamtibu mgonjwa ambaye hayupo.

Kila mrija una mstari wake wa kujaza. Wa buluu ndio mkali kuliko yote, kwa sababu ndani yake pana sehemu moja ya sitrati inayosubiri sehemu tisa za damu, na ukipungukiwa hesabu yote huvunjika. Mara tu mrija unapojaa, kiganja hugeuka. Hautikiswi. Huupindua polepole, kifuniko chini, kisha juu, na kiputo cha hewa husafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Huo ni mpinduo mmoja. Wa zambarau huhitaji 8 hadi 10, wa buluu 3 au 4. Akiupindua mara mbili tu kwa sababu mgonjwa mwingine anaita mlangoni, vidonge vidogo vya damu iliyoganda, visivyoonekana kwa macho, vitaanza kujijenga. Mashine itahesabu chembe sahani chache kuliko zilizopo, na mtu mwenye afya ataambiwa damu yake haiwezi kuganda. Akiutikisa kwa nguvu, chembe nyekundu zitapasuka. Njia iko katikati, na mkono wa aliyezoea huipata bila kuhesabu, ingawa aliyefunzwa vizuri huhesabu tu.

Sindano hutolewa, pamba hubonyezwa, na sindano huenda moja kwa moja kwenye sanduku la manjano bila kurudishiwa kifuniko chake. Lakini mgonjwa haruhusiwi kuondoka bado. Mirija huandikwa pale pale mbele yake: majina, nambari, tarehe, saa, na herufi za aliyetoa. Haiandikwi kabla ya kujazwa, kwa sababu mrija mtupu wenye jina unaweza kuchukuliwa na mkono mwingine. Wala haiandikwi baadaye, kwa sababu kichwa chenye wagonjwa wengi hakiaminiki. Mirija isiyo na jina kwenye kishikio ni damu ya mtu yeyote. Kati ya makosa yote, hili ndilo ambalo mashine haiwezi kuligundua kamwe. Damu ni safi, kipimo ni sahihi, ila ni cha mwingine.

Saa iliyoandikwa kwenye mrija haipo kwa ajili ya kujaza nafasi. Chembe za damu zinaendelea kuishi zikiwa mrijani, nazo zinakula. Damu isiyotenganishwa hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa katika joto la kawaida la chumba, na kwenye joto kali hupotea haraka zaidi. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imekaa dirishani tangu asubuhi anaweza kuambiwa mchana kwamba yuko sawa. Mrija wa kijivu huuzima mlo huo, lakini si papo hapo. Floridi huweza kuchukua hadi saa nne kuzuia kazi hiyo kikamilifu, ndiyo maana hata mrija huo hauachwi kukaa ovyo.

Mrija mwekundu, kinyume chake, huhitaji kuachwa. Husimamishwa kwenye kishikio, wima, mbali na jua, kwa nusu saa. Katika muda huo damu hujikaza taratibu, na utaona tone dogo la majimaji ya manjano likijitokeza juu ya bonge. Fundi asiye na subira huupeleka kwenye sentrifuji baada ya dakika 10. Bonge halijakamilika, nyuzi huendelea kujengeka ndani ya majimaji, na bomba la mashine huziba. Akiuacha ukae saa nyingi, chembe huanza kuvuja. Kwa hiyo kuna dirisha: si chini ya nusu saa, si zaidi ya saa mbili kabla ya kutenganisha.

Sentrifuji nayo ina adabu yake. Kila mrija huwekewa mwenzake wa uzito ule ule upande wa pili, na mgonjwa akiwa mmoja, mwenzake huwa mrija wa maji. Kifuniko hufungwa, mashine huzunguka kama dakika 10, kisha huachwa ijisimamie yenyewe. Mkono wenye haraka wa kuizuia isimame upesi huvuruga kile kilichotenganishwa. Mrija unapotoka, mtaalamu huuinua kwenye mwanga wa dirisha kabla hajafanya lolote. Hiki ni kitendo cha sekunde tatu ambacho aliye mlangoni hakioni. Juu ya bonge jeusi panatakiwa pawe na seramu ya manjano hafifu, iliyo wazi. Ikiwa ya waridi, au nyekundu, chembe zimepasuka mahali fulani njiani. Ndani ya chembe nyekundu kuna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyo nje, kwa hiyo hata chache zikipasuka hubadilisha jibu. Huandika alichokiona, na kama kipimo ni cha potasiamu, hakipimi.

Meza ya darubini ni ulimwengu mwingine. Baada ya mvua, malaria huzidi katika maeneo haya makavu, na mgonjwa mwenye homa hupimwa kwa kioo. Tone moja la damu huwekwa upande mmoja na kupanuliwa kidogo kwa kona ya kioo kingine mpaka liwe duara; huo ndio utando mnene. Waliofunzwa wana kipimo chao: kioo kikiwekwa juu ya gazeti, maandishi yaweze kusomeka kwa shida kupitia damu. Tone la pili, dogo zaidi, ni la utando mwembamba: huguswa na ukingo wa kioo laini kilichoinamishwa kama nyuzi 45. Damu hujitandaza kwenye ukingo huo wote, kisha kioo husukumwa mbele kwa mwendo mmoja usiosita. Utando huanza mnene na kuishia mwembamba, na ncha yake ina manyoya mepesi. Huko ndiko chembe zinalala moja moja.

Vioo huachwa vikauke vyenyewe vikiwa vimelazwa, vimefunikwa dhidi ya inzi na vumbi. Ule utando mwembamba pekee huoshwa kwa methanoli. Ule mnene haupati methanoli, maana kazi yake ni kuziacha chembe nyekundu zipasuke kwenye maji ya rangi na kubakiza vimelea. Tone moja la methanoli likitiririka upande usio wake, kioo kimeharibika. Rangi ni ya Giemsa, iliyopewa jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa aliyeieleza mwaka 1904. Kwa asilimia 10 huchukua dakika 10 hivi, kwa asilimia 3 huchukua nusu saa au zaidi kidogo. Halafu jicho hushuka kwenye darubini, tone la mafuta huwekwa, na hesabu ya nyanja huanza. Ili kusema hakuna malaria, lazima azipitie nyanja 100 za utando mnene bila kuona kimelea hata kimoja. Ni rahisi kusema "ipo" baada ya kuona kimoja. Kusema "haipo" ndiko kunakochosha macho.

Kwa wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi na kuzalisha mifugo kwa mikono yao, homa isiyokwisha huleta swali la bruselosisi. Kwenye kipimo cha Rose Bengal, tone la seramu na tone la dawa huchanganywa juu ya kibao cheupe na kuzungushwa taratibu. Jibu husomwa baada ya dakika 4. Ukisoma mapema, chembechembe dhaifu hazijajitokeza. Ukichelewa, matone huanza kukauka pembeni, na ukavu huo huonekana kuwa mgando. Subira hapa ina pande mbili: kungoja mpaka wakati ufike, na kuacha wakati ukifika. Hata hivyo mkono mwema hauwezi kuziba kila pengo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kipimo kimoja cha haraka cha bruselosisi, kilichotumika sana katika vituo vya afya nchini Kenya, kilifanya vibaya. Vitendanishi vibovu humshinda hata fundi hodari, na ndiyo sababu fundi hodari husoma tarehe ya mwisho ya kila chupa na kupima sampuli anayoijua kabla ya asiyoijua.

Kuna sampuli moja inayofaa mahali kama Oldonyiro kuliko zote, nayo haina mrija. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya Ukimwi hubeba kinga za mama yake kwa miezi mingi, hata miezi 18, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha haraka hakiwezi kusema kama ameambukizwa. Huhitajika kutafuta virusi vyenyewe katika maabara kubwa. Jibu la tatizo hilo lilitokana na wazo la miaka ya 1960 la Robert Guthrie, wa Buffalo nchini Marekani, la kukusanya damu ya watoto wachanga kwenye karatasi nene ya kunyonya na kuiacha ikauke. Nchini Kenya mtoto wa wiki sita hupimwa hivyo.

Mama humpakata mtoto miguu ikining'inia. Kisigino hupashwa joto kwa kiganja, husafishwa, hukauka. Kichomeo kidogo hupita upande wa kisigino, kamwe si katikati, ambako mfupa uko karibu. Tone la kwanza hufutwa kwa shashi, kwa kuwa limechanganyika na maji ya ngozi. Mtaalamu hungoja tone la pili lijijenge lenyewe, kubwa, lenye kuning'inia. Hakikamui kisigino. Karatasi husogezwa mpaka iliguse tone, ngozi isiguswe, na damu huzama ndani ya duara lililochapishwa hadi ionekane upande wa nyuma. Duara moja, tone moja. Harudi kuongeza tone dogo juu ya la kwanza, maana maabara itakata kipande cha karatasi hiyo ikiamini kiasi cha damu kilichomo ni kile kinachojulikana. Duara la pili, la tatu, la nne, la tano, na mtoto analia, na mama anamtazama mtaalamu usoni. "Tumemaliza, yeyo, mnyonyeshe," humwambia, kwa neno la Kisamburu la mama.

Kadi hiyo ya damu hulazwa kwenye kishikio chake, isiguse kitu, kwa saa zisizopungua tatu, na mara nyingi usiku mzima. Hewa kavu ya Isiolo husaidia, lakini jua haliruhusiwi, na vumbi la alasiri haliruhusiwi. Damu ikigeuka kutoka nyekundu hadi kahawia ya kiza, iko tayari. Kila kadi hutenganishwa na nyingine kwa karatasi laini, huingizwa kwenye mfuko wa kufungika pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu na kikadi chenye madoa ya buluu. Madoa yakigeuka waridi, unyevu umeingia na vipakiti hubadilishwa. Mfuko huo unaweza kukaa siku nyingi bila barafu, ukasafiri kwa bahasha, na bado ukaeleza ukweli wa asubuhi ile.

Sampuli za mirija hazina bahati hiyo. Husafiri wima, ndani ya mrija uliofungwa, ndani ya mfuko usiovuja wenye kitambaa cha kunyonya, ndani ya sanduku gumu la baridi. Fomu hukaa nje ya mfuko, isije ikalowa. Vipande vya barafu havigusi mirija moja kwa moja, maana damu ikigandamana na barafu chembe hupasuka. Wala baridi si dawa ya kila kitu: damu nzima ikipozwa, pampu zinazozuia potasiamu ndani ya chembe hulala, na potasiamu hutoka polepole bila chembe kupasuka. Ndiyo maana seramu hutenganishwa kwanza hapa hapa, kabla ya barabara, kila inapowezekana. Anayepakia sanduku hujaza nafasi tupu kwa karatasi ili mirija isigongane kwenye makorongo ya njia, huandika saa ya kuondoka, na humwambia mwenye pikipiki mambo mawili tu: usiliache juani, na usisimame njiani kwa shughuli nyingine.

Upande wa pili, anayepokea hufanya yale yale kwa kurudi nyuma. Hulinganisha jina la mrija na la fomu, huangalia saa, huinua mrija kwenye mwanga. Na hapo ndipo ufundi huu unapoonekana katika sura ngumu kuliko zote, kwa sababu wakati mwingine analazimika kukataa. Mrija haukujazwa, damu imeganda isipotakiwa kuganda, seramu ni nyekundu, jina halilingani. Anajua damu hiyo ilitoka wapi na ni nani aliyetembea kuileta. Huruma ya haraka ingemwambia apime tu. Lakini jibu la uongo litampa mgonjwa dawa asiyoihitaji, au kumnyima anayoihitaji, na safari yake itakuwa imepotea mara mbili. Kwa hiyo huandika sababu, hupiga simu kituoni, na mhudumu wa afya wa jamii huombwa kumtafuta mama huko alikohamia.

Kukataa huko huandikwa kwenye rejista: tarehe, kituo, kipimo, sababu. Viongozi wa kaunti wanaozuru maabara huonyeshwa mashine mpya na kupigwa picha kando yake. Ingefaa waombe daftari hilo pia. Maabara isiyowahi kukataa sampuli hata moja kwa mwaka mzima huenda ina bahati kubwa, lakini yaelekea zaidi kwamba hakuna anayetazama. Daftari lenye mistari michache kila mwezi, inayopungua kadiri waliofundishwa wanavyokomaa, linasema kwamba kuna mtu anayeinua mrija dirishani kila mara, na kwamba anachokiona hukifanyia kazi. Hata mgonjwa ana sehemu yake katika hesabu hiyo. Akiulizwa jina, alitaje lote. Akiulizwa kuhusu chai, asifiche sukari. Na akiona mrija wake unawekwa mezani bila kuandikwa, ana haki ya kukaa kitini mpaka uandikwe.